Shangazi Alipokula Umri Wake

Nyumbani kwetu Shella ya Malindi tuliaga baridi katikati ya joto la kaskazi, siku ambazo paka walilala chali sakafuni na bibi alijipepea kwa leso hata akiwa usingizini. Baridi yenyewe hatukuwa nayo. Lakini baba alishikilia kwamba mwanzoni mwa Februari baridi inatoka na mwaka unageuka, na kwamba nyumba isiyofukuza shetani siku hiyo itakaa naye mpaka mwaka mwingine. Bibi, mama yake mzazi, alimjibu kwamba mashetani wa Malindi hawana kalenda.

Mambo haya tuliyatoa Japani. Baba alikuwa fundi wa mashine za boti, na mwanzo wa miaka ya themanini alipata nafasi ya kwenda kuongeza ujuzi katika mji mmoja wa bandari, kaskazini kabisa, ambako asubuhi bahari ilitoa moshi kwa baridi. Mama na mimi tulimfuata. Nilikwenda sijaanza kung'oka meno, nikarudi nina mapengo. Baina ya kwenda na kurudi nilijifunza kutembea juu ya theluji, kula kwa vijiti, na kumpiga mwenye nyumba wetu kwa njugu.

Mwenye nyumba alikuwa mzee mpole aliyenipa peremende kila akiniona ngazini. Siku ya sherehe hiyo, wenyewe huiita Setsubun, alivaa uso wa karatasi nyekundu wenye pembe, akaja mlangoni kwetu akinguruma. Watoto wote wa jengo tulimrushia njugu tukipiga kelele kwa lugha yao: shetani nje, heri ndani. Nimesikia kwamba sehemu nyingine za Japani hurusha maharage ya kukaanga. Kule kwenye theluji walirusha njugu zikiwa na maganda yake, kwa sababu huonekana zilipoangukia, na mwenye kuziokota hali uchafu. Shetani akishatimka, kila mtu hukaa chini akala punje za njugu kwa idadi ya miaka yake, na moja ya ziada kwa ajili ya mwaka unaokuja. Yule mzee alikula za kwake pembe zikiwa bado kichwani, na zilimchukua muda hata chai yake ikapoa.

Tuliporudi Malindi, jaketi la theluji la baba lilitundikwa msumarini na halikupata siku ya kuvaliwa. Sherehe aliishika. Nadhani aliogopa kwamba akiiacha, miaka ile yote itakuwa kama hadithi aliyosimuliwa na mtu mwingine. Namwelewa. Mimi mwenyewe tangu nimalize sekondari sijakaa mji mmoja nikazeeka nao. Nimeishi Tanga, nimeishi Maskati, nimeishi Moroni nikipika katika hoteli ya watu, na kila Februari ikifika hujikuta sokoni natafuta njugu zenye maganda, huku muuzaji akinishawishi ninunue zilizokwisha kumenywa.

Mwaka wa kwanza tulipoifanya Shella, bibi alikataa uso wa pembe usiingie nyumba yenye Msahafu. Baba hakubishana. Alikwenda jikoni akachukua kifumbu cha kuchujia tui, kile cha ukindu, akakivaa kichwani hadi machoni. Mama alilalamika kwamba wali wa siku ile utanuka nywele. Kwa kuwa bibi na shangazi hawakujua Kijapani, baba aliamua tupige kelele kwa Kiswahili, na hapo ndipo alipokosea. Ukuta wa nyumba yetu ulishikana na wa majirani. Jirani wa kulia alisikia watu wazima kwa watoto wakipaza sauti, shetani toka, shetani toka, akaja mbio na chetezo cha ubani. Wa kushoto alikuja na chupa ya maji yaliyosomewa. Kabla ya maghrib sebule yetu ilijaa wanawake wakiuliza ni nani aliyepandwa na pepo, na macho yao yote yakatua kwa shangazi, kwa kuwa hakuwa ameolewa, na mwanamke ambaye hajaolewa ndiye wa kwanza kudhaniwa kuwa ana mwenyewe kichwani. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Kicheko kile kiliwatia wasiwasi zaidi, wakamrushia maji.

Bibi alikwenda na baba kumuuliza mwalimu wa chuo cha Kurani kama mchezo ule una dhambi. Mwalimu aliuliza maswali mawili: je, kuna kitu tunachokiomba kwa hizo njugu, na je, zikisharushwa zinaliwa au zinamwagwa? Baba akasema hatuombi kitu, na zinaliwa zote. Mwalimu akasema basi wasisahau kumpelekea fungu lake. Kuanzia hapo bibi hakuwa na kisingizio, na mwaka uliofuata alirusha kwa nguvu kuliko sisi sote.

Sasa nimseme shangazi. Alikuwa mdogo wake baba, aliyemfuatia, akishona nguo za watu katika chumba cha mbele chenye dirisha la kuelekea baraza. Alikuwa na miaka thelathini na minne, lakini hiyo ni hesabu ya baba. Bibi alikuwa na hesabu yake. Kila mwaka watu wengine walipoongeza mmoja, yeye alimpunguzia bintiye mmoja, nami nilihofia kwamba ikiendelea hivyo tutakuja kupishana njiani, mimi na shangazi.

Hesabu ile ilikwisha kumharibia mara moja. Posa ilikuja, ikakubaliwa, nguo zikakatwa, kisha bibi mmoja wa upande wa bwana akakumbuka kwamba shangazi na bintiye yeye walisoma chuo pamoja wakikaa mkeka mmoja, na bintiye ana watoto watano. Wakarudisha posa. Walisema ikiwa umri umedanganywa, nani ajuaye lingine lililodanganywa. Shangazi hakumlilia yule bwana, kwani hata sura yake hakuijua vizuri. Kilichomkaa moyoni ni kuitwa mwongo kwa uwongo ambao hakuusema yeye.

Safari hii ilikuwa tofauti, maana mtu mwenyewe alimjua. Alikuwa mfanyabiashara wa Takaungu, mjane, anauza nyavu na rangi za boti, na alikuja kwetu kumletea baba mashine iliyokuwa ikikohoa. Akiwa anaiteremsha, kanzu yake ilinasa kwenye msumari wa mlango ikapasuka kutoka kwapani mpaka kiunoni. Baba akamwambia aivue ishonwe. Nguo ya karibu ya kumsitiri ilikuwa jaketi la theluji. Alikaa barazani na kikoi chake na jaketi lile lililojazwa manyoya, jua la kaskazi likimwaka, jasho likimtiririka shingoni, huku akimwambia baba kwa utulivu kwamba hajapata kuvaa nguo yenye heshima kama ile na anaona aende nayo msikitini. Nyuma ya pazia la dirisha cherehani ilisimama. Shangazi alikuwa amejifunika uso kwa ile kanzu, mabega yakimtikisika. Wiki iliyofuata yule bwana alirudi na mashine nyingine. Baba aliiwasha, akaisikiliza, akamwambia haina ugonjwa. Yule bwana akasema, "Itazame tu, fundi. Mimi sina haraka."

Basi posa ilipokuja kutoka Takaungu, siku ile shangazi alishona mikono miwili ya kulia katika gauni moja. Na bibi, alipoulizwa na mshenga, alijibu kwamba binti ana ishirini na sita.

Shangazi alizipata habari jioni, akaja jikoni. Mama alikuwa akikuna nazi, mimi nikichambua mchicha. Hakupaza sauti.

"Mama, tena?"

"Tena nini? Umri wa mwanamke ni siri yake na Mola wake. Wao wanaoa mtu, hawaoi hesabu."

"Mara ile walinirudisha kwa hesabu."

"Mara ile nilisema ishirini na nane," bibi alijibu. "Nilikosea. Nilizidisha."

Hapakuwa na la kufanya. Ahadi ilikuwa kwamba dada mkubwa wa yule bwana atakuja kumtazama shangazi na kuzungumza na bibi, na kila mtu alijua kwamba neno la dada huyo ndilo litakaloamua. Shangazi alitaka kumwambia ukweli akifika. Bibi akaapa kwamba akisema, hatauinua uso wake mjini tena. Shangazi alikuwa mtu wa kumheshimu mzazi wake, akanyamaza. Lakini kilikuwa kimya cha aina ya kufunga mlango kwa komeo.

Mgeni alitakiwa kufika Jumamosi baada ya maghrib. Siku hiyo ndiyo baba aliyoichagua ya kumfukuza shetani. Mama alimwambia aahirishe. Baba akasema baridi haiahirishwi, na kwamba mtu anayetoka Takaungu atakaa kivukoni Kilifi mpaka achoke, tutakuwa tumemaliza na kufagia kabla hajafika. Kumbe siku ile feri ilikuwa imekaa upande wake, ikimngoja kama gari la harusi.

Lazima nieleze jambo moja la baba. Shetani wa Japani hunguruma mlangoni, lakini baba alisema shetani wa pwani ni mjanja, haingii kwa kunguruma, hubisha hodi kwa sauti nzuri. Kwa hiyo kila mwaka alizunguka nje, akaja mlango wa mbele, akabana pua na kupiga hodi kama mwanamke. Sisi tulijipanga ndani na vikombe vya njugu, bibi mbele, kwa kuwa ndiye mwenye nyumba. Mlango ulirudishwa bila kufungwa.

Tukasikia: "Hodi! Hodi wenyewe!"

Mwaka ule sauti ilitoka vizuri kupita miaka yote. Mama hata alininong'oneza kwamba baba sasa amehitimu. Bibi akaitikia karibu kwa sauti tamu ya mtego, mlango ukasukumwa, na sote kwa pamoja tukaachia. Shetani toka, shetani toka, heri ingia. Konzi ya njugu za bibi ndiyo iliyofika kwanza, ikampata mtu katikati ya paji la uso.

Mgeni alikuwa amesimama kizingitini na buibui lake jipya, kikapu mkononi, njugu zikimteremka kifuani. Hakupiga kelele. Alitutazama mmoja mmoja kama mtu anayekariri nyuso ili baadaye aeleze polisi. Na papo hapo baba alitokea nyuma yake kwenye kona, kifumbu kichwani, mikono juu, akinguruma.

Sijui kama kuna posa nyingine pwani hii iliyoanza hivyo. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba huku akitoa njugu kwenye mkunjo wa mtandio. Bibi alimshika mikono miwili akamketisha kwenye kiti kizuri. Shangazi alileta sharbati ya ukwaju, akainama kumpa, na mgeni akamtazama kwa makini, kwanza mikono, halafu meno, halafu pembe za macho. Hapo kwenye pembe za macho alikaa.

Baba, kwa kutaka kusafisha makosa, alivua kifumbu akaanza kueleza. Angeweza kusema ni mchezo wa watoto, yakaisha. Lakini baba alikuwa mtu anayeweza kusikia mashine yenye ugonjwa kutoka ng'ambo ya ghuba na asisikie mke wake akikohoa ubavuni pake. Alieleza theluji. Alieleza mwenye nyumba na pembe zake. Mama alikohoa. Alieleza maganda. Mama alimkanyaga mguu, naye akausogeza. Kisha akasema kwa furaha kwamba uzuri wa jambo lenyewe uko mwishoni, pale kila mtu anapokula punje za miaka yake.

Mgeni aliweka gilasi chini.

"Kila mtu?"

"Kila mtu," akasema baba. "Asipokula zote, mwaka haumwendei sawa."

"Basi na tule," akasema mgeni. "Sitaki nyumba hii iharibikiwe kwa ajili yangu."

Sinia ikaletwa. Bibi ndiye aliyeanza kujitetea: umri wake haujui, alizaliwa mwaka wa nzige, na nzige wamekuja mara nyingi, tena meno hana. Akachukua konzi bila kuhesabu akaitia kwenye fundo la leso yake. Mama akamgeukia mgeni, akamwambia kwa adabu zote kwamba kwetu mgeni ndiye anayetangulizwa. Mgeni hakulitarajia hilo. Alimenya taratibu, akala, na alipofika thelathini akapangusa midomo kwa ncha ya mtandio, akasema alhamdulillahi. Mama aliutazama utosi wake, ambapo hina ilikuwa imeshika mvi zikawa nyekundu kama kutu, akasema mashallah. Baba alikula thelathini na sita, huku akijisifu kwamba ni mtu wa ukweli. Mimi nilikula kumi nikaiba mbili.

Sinia ikamfikia shangazi.

Bibi alisema haraka kwamba shangazi ana kazi jikoni. Shangazi akasema kazi imekwisha. Bibi akasema njugu humpa kiungulia. Shangazi akakaa mkekani, akaivuta sinia karibu, akaanza kumenya. Hakuwa akila kama mgeni, kwa kujificha. Kila punje aliisugua ile ngozi nyekundu mpaka ikatoka, akaiinua, akaihesabu kwa sauti ile ile aliyokuwa akipimia vitambaa, kisha akaitia mdomoni. Ishirini. Ishirini na moja. Baba sasa alikuwa ameanza kuelewa alichokifanya, akawa anakitazama kifumbu kama anayetaka kukivaa tena. Ishirini na tano. Ishirini na sita. Bibi akavuta pumzi, akasema, "Haya, zimetosha."

"Ishirini na saba," akasema shangazi.

"Huyu hajala tangu asubuhi," bibi akamwambia mgeni. "Hizo ni za njaa."

Shangazi aliendelea. Nilijua anachokitaka, maana mimi ndiye niliyekuwa nikimwona dirishani kila akipita mtu na mashine ya boti begani. Angeweza kukoma popote. Mgeni hakuwa na cheti cha kuzaliwa mkononi. Alifika thelathini, akapita pale mgeni alipopangusia midomo, akafika thelathini na tatu, thelathini na nne. Akachukua moja tena.

"Na hii ya mwaka ujao. Nikijaliwa."

Akajipangusa maganda mapajani, akainua uso akamtazama mgeni. Mgeni naye akamtazama. Kisha akainuka, akatikisa buibui, njugu moja ya mwisho ikaanguka kutoka mahali ambapo sote hatukuwa tumepatafuta.

"Nimeona," akasema. "Nitamfikishia aliyenituma."

Mgeni alipokwisha kuondoka, bibi alijilaza kitandani akajifunika leso usoni. Hakusema na baba. Alichotaka kumwambia alikipitishia kwangu. Kamwambie baba yako kwamba chumvi imekwisha. Kamwambie baba yako kwamba ameniulia mwanangu. Baba akaja kwa shangazi kumwomba radhi, akamkuta anashona. Shangazi alimwambia asijisumbue, njugu zilikuwa tamu, isipokuwa zile za mwisho mwisho. Lakini usiku niliisikia cherehani yake ikienda bila kitambaa.

Siku zikapita, mshenga asije. Bibi akaanza kusema kwamba Takaungu kuna mbu.

Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini, yule bwana akaja mwenyewe. Hakuleta mshenga wala mashine. Alisimama mbele ya baraza, amevaa ile kanzu iliyoshonwa, kikapu cha njugu mkononi, akamsalimu baba. Kwa kawaida mtu hajiletei posa yake mwenyewe, na baba hakujua amkaribishe vipi, akampisha tu nafasi.

"Fundi," akasema yule bwana, "dada yangu ananiambia nyumba hii watu hulishwa umri wao."

Baba akasema ni desturi ya mbali, asiichukulie moyoni.

"Sikulaumu. Nimekuja kula wangu."

Akakaa, akaanza kumenya. Mimi nilikuwa chumba cha mbele na shangazi, tumekaa chini ya dirisha, pazia limeshuka. Maganda yalisikika yakianguka kwenye saruji. Bibi aliposikia sauti ya mwanamume aliamka kitandani akaja akasimama nyuma yetu, leso begani, akimsikiliza anavyohesabu. Mshenga alikuwa ametuambia kwamba bwana ana arobaini na mbili.

Alifika arobaini na mbili. Akameza. Akamenya nyingine.

Shangazi alinigeukia. "Anaendelea?"

Nikachungulia. "Anaendelea."

"Arobaini na tano," akahesabu yule bwana nje.

"Mshenga mwongo," bibi akasema kwa uchungu wa kweli. "Watu wa siku hizi hawana haya. Kumdanganyia mtu umri."

Shangazi aliuma ncha ya leso yake. Mabega yalianza kumtikisika, kama siku ya jaketi. Arobaini na nane. Arobaini na tisa. Sauti ya nje ilikuwa imekauka, akawa anatafuna polepole, kama mtu anayepanda kilima na mzigo, na baba kwa huruma akamwambia kwamba kule Japani wazee huruhusiwa kupumzika. Yule bwana akasema ahsante, hahitaji. Alifika hamsini na moja ndipo alipokohoa, kikohozi kikavu cha njugu, kikamshika asiweze kusema.

Bibi aliinama sikioni mwa shangazi. "Hamsini na moja, mwanangu. Umesikia? Na bado kuna ile ya mwaka ujao."

"Nimesikia, mama."

"Sasa?"

Shangazi alinigusa bega. "Mpelekee maji," akasema. "Ya mtungini. Asije akatufia kabla hajamaliza."

Nikachota, nikatoka. Yule bwana aliyapokea kwa mikono miwili, akanywa yote akiwa ameinua kichwa, na alipokishusha kikombe macho yake yalikuwa dirishani. Pazia lilikuwa limesukumwa lote upande mmoja, kama mtu anayefungua duka asubuhi, na shangazi amesimama pale, akingoja amalizie.